Gari linachemsha mlimani: je, naweza kubadilisha gasketi ya hedi nyumbani bila vifaa maalumu?

Mwalimu wa Njombe

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote.

Ninaomba msaada wa watu waliowahi kufungua injini kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu jambo lililonifika ni kubwa kuliko uzoefu wangu, ingawa bado sijakubali kwamba limenishinda. Nina Toyota Corolla, ile ambayo mafundi wetu huiita 110, yenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5 na gia za mkono. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Morogoro kurudi nyumbani pamoja na familia, na tulipofika katikati ya mlima Kitonga mshale wa joto ulipanda hadi kukaribia alama nyekundu. Nilisogea pembeni, nikazima injini, nikasubiri zaidi ya saa moja, nikaongeza maji, kisha tukaendelea taratibu mpaka tukafika salama.

Tangu siku hiyo gari linapoteza maji. Kila baada ya siku mbili au tatu ninalazimika kuongeza karibu nusu lita, na chini ya gari sioni hata tone. Ninapoliwasha asubuhi, injini hutetemeka kwa sekunde kadhaa kana kwamba silinda moja haifanyi kazi, halafu hutulia. Moshi mweupe hutoka kwa muda mrefu kuliko zamani, lakini kwa baridi ya huku kwetu mwezi wa sita na wa saba kila gari hutoa mvuke asubuhi, hivyo sijui kama niuhesabu kuwa dalili.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alisikiliza maelezo yangu kwa dakika chache, akasema hedi, yaani kichwa cha injini, imekufa na kwamba afadhali ninunue injini nyingine ya mtumba. Hakufungua wala kupima chochote. Kiasi alichotaja kinazidi mshahara wangu wa miezi miwili, lakini kilichoniuma zaidi ni kupewa hukumu bila ushahidi. Fundi wa pili alisema anaweza kubadilisha gasketi, yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi na bloku ya injini, na nilipomwuliza atazikaza bolti kwa kipimo gani, alinijibu kwamba mkono wake ndio kipimo.

Nina spana za kuanzia namba 8 hadi 19, boksi la soketi lenye racheti na mpini mrefu, bisibisi, plaizi, jeki na stendi mbili za chuma. Sina kipimo cha kompresheni, sina toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza bolti, na katika watu ninaowafahamu hapa hakuna mwenye kuniazima. Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, nitathibitishaje kwamba gasketi ya hedi imeungua kweli kabla sijafungua kitu chochote? Pili, ikiwa imeungua, je, mtu makini asiye na vifaa hivyo anaweza kuibadilisha na kazi ikadumu?

Fundi Mstaafu, Tanga

Mwalimu, umefanya vema kuuliza kabla ya kushika spana. Nimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninakuambia kwa uchungu kwamba nimeona hedi nyingi zikifunguliwa bure, wakati ugonjwa ulikuwa kwenye mfuniko wa rejeta au kwenye feni. Dalili ulizozitaja zinaelekeza kwenye gasketi, hasa huo mtetemo wa asubuhi, kwa sababu maji yanayopenya usiku ndani ya silinda huizuia plagi kuwasha mpaka yatakapotolewa nje. Hata hivyo, mwelekeo pekee hautoshi kukufanya ufungue injini.

Anza na vitu vinavyosababisha kuchemsha. Injini ikiwa imepoa kabisa, na ninasisitiza hilo kwa sababu nimemwona kijana akiungua uso wote, fungua mfuniko wa rejeta ukaukague. Mpira wake ukiwa umekakamaa au una mipasuko, mfuniko haushiki tena shinikizo, na bila shinikizo maji huchemka mapema. Hili lina uzito zaidi kwa mtu anayeishi mahali palipoinuka kama Njombe, kwa sababu maji yaliyo wazi kwenye mwinuko wa mita 1,800 huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ilhali mfuniko mzima unaoshika shinikizo la karibu bar 0.9 huyawezesha kufika zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka.

Kisha angalia thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto na kuruhusu maji yazunguke kupitia rejeta. Itoe, itumbukize ndani ya sufuria ya maji ikiwa imening'inizwa kwa uzi ili isiguse chini, na upashe moto taratibu. Ya injini yako huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, kwa hiyo inapaswa kufunguka wazi kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, au ikifunguka kidogo tu, umempata mshtakiwa mmoja. Ukikuta nyumba yake ni tupu, usishangae, maana mafundi wengi wa kwetu huitoa na kuitupa wakiamini kwamba wanalisaidia gari. Hilo ni kosa ambalo nimelipinga maisha yangu yote. Bila thamostati injini hufanya kazi ikiwa baridi kwenye njia tambarare na kula mafuta mengi, na inapopanda mlima ikiwa na mzigo, sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, hivyo inaweza kuchemsha palepale ulipotaka isichemshe.

Feni unaweza kuijaribu bila kifaa chochote. Katika Toyota za umri huo, swichi ya joto ya feni hukata umeme pale maji yanapopata moto, na kukatika huko ndiko kunakoiamuru feni izunguke. Kwa hiyo, ukifungua swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha ukachomoa waya wa swichi hiyo ya joto, feni inapaswa kuanza kuzunguka. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni vizima, na kama feni haikuwa ikifanya kazi njiani, basi kasoro imo kwenye swichi yenyewe.

Sasa gasketi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, jaza maji rejeta mpaka shingoni, ziba kile kimrija kidogo cha pembeni kinachokwenda kwenye chupa ya akiba, kisha vika shingo ya rejeta glavu nyepesi ya mpira na uifunge kwa raba mpaka isipitishe hewa. Washa injini uiache izunguke polepole. Gasketi ikiwa imepasuka kati ya silinda na njia ya maji, glavu itaanza kujaa ndani ya dakika moja au mbili na vidole vyake vitadundadunda kwa mapigo ya injini. Zingatia dakika hizo za mwanzo tu, kwa sababu baadaye maji hutanuka kwa joto na yanaweza kuijaza glavu hata katika injini nzima. Wakati huohuo minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe ilhali injini bado ni baridi, gesi ya silinda ndiyo inayousukuma.

Ikiwa glavu imejaa, ondoa glavu uone mapovu, kisha tafuta silinda yenyewe. Zima injini, chomoa waya wa plagi ya kwanza, uchomeke kwenye plagi ya zamani iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini ili umeme upate njia, na uwashe tena kwa muda mfupi. Rudia kwa kila silinda, lakini usiguse nyaya injini ikiwa inazunguka. Silinda ambayo ikinyimwa moto mapovu yanapungua waziwazi ndiyo inayovuja. Mwisho, toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake. Plagi ya silinda inayokunywa maji mara nyingi huwa safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, na kwa kweli ndivyo ilivyo.

Kuhusu oili, chomoa kijiti chake uitazame. Ukungu wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake usikutishe, kwa kuwa safari fupi za asubuhi zenye baridi huuleta. Ukiuona kwenye kijiti, hapo acha kuwasha injini kabisa, maana oili iliyochanganyika na maji hailindi mabushi ya kranki, yaani shafti kuu ya injini.

Mwalimu wa Njombe

Mzee wangu, ninakushukuru sana kwa maelezo ambayo hata fundi niliyemlipa hakunipa. Nimefanya majaribio yote kwa siku mbili.

Mfuniko wa rejeta una mpira mgumu uliopasuka upande mmoja, na nimeagiza mwingine. Nyumba ya thamostati nimeikuta tupu kabisa, kwa hiyo aliyeniuzia gari alikuwa amekwisha kuitoa au aliuziwa likiwa hivyo. Feni inazunguka nikichomoa waya. Glavu ilijaa kabla dakika moja haijaisha na ilidunda kama ulivyosema, nami nakiri kwamba mwanangu alifurahi kuliko mimi. Silinda ya tatu iliponyimwa moto mapovu yalipungua karibu yote, na plagi yake ni nyeupe safi ilhali tatu nyingine zina rangi ya kahawia. Oili kwenye kijiti ni safi.

Sasa ninajua kwamba gasketi imeungua kwenye silinda ya tatu, na ninajua pia kwa nini gari lilichemsha. Linabaki swali la pili, kuhusu kukaza bila toki renchi.

Binti wa Karakana

Mwalimu, hongera kwa uvumilivu wako. Mimi ninafundisha vijana ufundi wa magari, na mwaka wa kwanza nilipoanza kazi tulikuwa na toki renchi moja iliyoharibika kwa wanafunzi ishirini na wanne, kwa hiyo swali lako ninalifahamu kwa undani.

Toki ni nguvu ya kuvuta ikizidishwa kwa urefu wa mpini. Ukijua urefu, na ukawa na mizani ya kupima nguvu unayovuta, umekwisha kupata toki renchi. Bolti za hedi za 5A-FE ni kumi, na hukazwa kwa hatua tatu: kwanza kwa nyutoni mita 29, kisha kila bolti inazungushwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko, halafu nyuzi 90 nyingine. Hatua ya kwanza pekee ndiyo inayohitaji kipimo cha nguvu. Nyutoni mita 29 ni karibu sawa na kilo 3 zinazovutwa kwenye mpini wa mita moja. Kwa hiyo pima sentimita 30 kamili kutoka katikati ya soketi hadi mahali utakapofunga ndoano, tia alama kwa msumeno au funga waya ili ndoano isiteleze, na uvute mpaka mizani isome kilo 10. Kama mpini wako ni mrefu na unaweza kupata sentimita 50, basi usomaji ni karibu kilo 6, yaani 5.9.

Mizani inayofaa ni ile ya kuning'iniza yenye ndoano na mshale, kama wanayoitumia wauza samaki na wanunuzi wa mazao, mradi iwe ya kipimo kidogo, tuseme hadi kilo 25. Ile ya kilo 100 haitakuonyesha vizuri tofauti kati ya kilo 9 na kilo 11. Usiiamini kabla ya kuijaribu: chukua ndoo, ipime ikiwa tupu, kisha mimina lita 10 za maji uliyoyapima kwa chupa, na mizani inapaswa kuongezeka kilo 10. Ikikosea kwa nusu kilo, andika kosa hilo ulihesabu wakati wa kukaza.

Kuna mambo mawili ambayo wanafunzi wangu hukosea. La kwanza, mizani lazima ivutwe ikiwa imeufanya mpini na kamba kuwa pembe mraba. Ukivuta kwa mshazari unasoma nguvu ambayo bolti haiipati. La pili, bolti za hedi zimesimama wima, hivyo mpini wake unazunguka kwa ulalo, na kwa sababu hiyo huwezi kutundika ndoo ya maji kwenye mpini kama ambavyo wengine hushauri. Hapa utavuta kwa mkono, taratibu bila kushtua, huku msaidizi akisoma mshale. Mwanao aliyefurahia glavu anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri.

Kwa nyuzi 90 huhitaji kifaa chochote. Baada ya kumaliza hatua ya kwanza kwa bolti zote kumi, tia tone la rangi ya kucha kwenye kichwa cha kila bolti upande unaotazama mbele ya injini. Zungusha kila moja robo mzunguko kwa kufuata mpangilio, kisha rudia. Mwishoni matone yote kumi yanapaswa kutazama nyuma. Tone lolote linalotazama kwingine linakuambia bolti gani uliisahau. Huu si ujanja wa mtaani. Kitabu cha kiwanda chenyewe kinaagiza alama za rangi namna hiyo.

Mpangilio wa kukaza huanzia katikati kwenda pembeni kwa zigizaga, na wa kulegeza huanzia pembeni kuja katikati, kwa awamu kadhaa, ili hedi isipinde. Bolti zako zina urefu wa aina mbili: za milimita 90 hukaa upande wa manifoldi ya kuingizia hewa, na za milimita 108 upande wa ekzosi. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la hedi, toboa matundu kumi na uchomeke kila bolti mahali ilipotoka. Kabla ya kuzirudisha zisafishe, uzisimamishe pamoja kwenye kioo, na ukiona moja imerefuka kuliko za aina yake au imekonda shingoni, usiirudishe. Hesi zake na sehemu ya chini ya kichwa zipakwe oili kidogo, kwa maana bolti kavu husoma toki kubwa ilhali haijabana vya kutosha.

Mswahili wa Mombasa

Hamjambo wote. Maelezo ya dada hapo juu kuhusu mizani ni sahihi, na ya mzee wa Tanga ni mazuri mno. Hata hivyo, ningependa ndugu mwalimu ajue kwamba kukaza bolti ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii, na kwamba sehemu zinazoharibu injini ziko kabla yake.

Kwanza ni kamshafti, yaani shafti zinazofungua vali. Ili ufikie bolti za hedi ni lazima kamshafti zote mbili zitoke, na katika injini za A zenye herufi FE kamshafti moja huendeshwa na mkanda wa taiming, nayo huiendesha ya pili kwa gia. Gia hiyo ya pili ni mbili zilizobebana, zikisukumana kwa springi ili zisipige kelele. Kabla ya kulegeza chochote, ni lazima uzifunge pamoja kwa bolti ndogo ya milimita 6, yenye urefu wa kati ya milimita 16 na 20, kwenye tundu lililowekwa kwa kazi hiyo. Usipofanya hivyo, springi itazisukuma na hutaweza kuzirudisha bila taabu kubwa. Vilevile kamshafti inapaswa kuinuka ikiwa imelala sawasawa, kwa hiyo legeza vifuniko vyake kidogo kidogo kwa zamu. Nikiwa kijana nililegeza upande mmoja hadi mwisho kwa haraka ya kumaliza kazi kabla ya magharibi, nikasikia mlio mdogo tu, kumbe hedi ya mteja ilikuwa imepata ufa mahali kamshafti inapokaa. Nililipa hedi ile kwa miezi minne. Vifuniko hivyo vina namba na mishale, virudi palepale, na bolti zake hukazwa kwa nyutoni mita 13 tu, ambazo kwa mpini wa sentimita 25 ni kilo 5.3 kwenye mizani yako. Hapo ndipo watu wenye mikono ya nguvu hukata bolti.

Pili ni mkanda wa taiming, unaounganisha kranki na kamshafti ili vizunguke kwa pamoja. Habari njema ni kwamba huna haja ya kutoa puli kubwa ya kranki, ambayo bolti yake huwatesa watu wasio na mashine ya upepo. Ipeleke injini kwenye alama ya sifuri, silinda ya kwanza ikiwa juu katika mpigo wa kubana, na uhakikishe kwa kutumbukiza mrija wa plastiki kwenye tundu la plagi uone unavyopanda. Tia alama za rangi kwenye mkanda na kwenye puli ya kamshafti, legeza kikazio kupitia tundu dogo lenye kizibo kwenye kava ya chini, utelezeshe mkanda kutoka puli ya juu, kisha uufunge kwa kamba uning'inie bila kulegea ili usiruke jino huko chini. Ikiwa hujui mkanda huo una umri gani, basi ni afadhali ubadilishwe sasa pamoja na pampu ya maji, na hapo puli itabidi itoke.

Tatu, na hili naomba ulisikilize kuliko yote, ni uso wa hedi. Hedi ya alumini iliyochemsha hupinda, na kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni milimita 0.05. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Nenda kwa muuza vioo umwombe ukanda wa kioo kinene chenye makali yaliyosuguliwa, kwa kuwa uso wa kioo cha dirisha umenyooka kuliko rula nyingi, ulaze kioo juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili, huku taa ikimulika nyuma. Kama ukanda wa karatasi unapita chini ya kioo mahali popote, hedi imepinda mara mbili ya kiasi kinachokubalika. Karatasi ikikwama lakini mwanga bado unaonekana, usijipe moyo. Ipeleke kwa fundi mashine apime kwa vyuma vyake. Kuchonga hedi ni kazi ambayo haifanyiki nyumbani. Msasa uliozungushiwa kipande cha mbao hufanya mawimbi, na grinda yenye brashi ya msasa huacha vumbi gumu linaloingia kwenye njia za oili na kumaliza mabushi ya kranki ndani ya muda mfupi. Gasketi ya zamani ibandue kwa kipande cha plastiki kigumu au wembe uliolazwa, polepole, kwa saa nzima kama italazimu.

Mwambie fundi mashine aikague pia kwa nyufa kati ya vali, hasa silinda ya tatu. Na mtu yeyote akikushauri upake silikoni kwenye gasketi mpya ya hedi, mshukuru kwa adabu uendelee na kazi yako. Uso unapaswa kuwa mkavu na safi, na gasketi iwe mpya.

Mwalimu wa Njombe

Nimekusoma, kaka, mara tatu. Nimekubali kwamba hedi itakwenda Makambako kwa fundi mashine hata kama kioo hakitaonyesha kitu, kwa sababu nauli ya kwenda ni ndogo kuliko kufungua injini mara ya pili. Mizani ya kilo 20 nimeipata kwa mnunuzi wa parachichi, na ndoo ya maji imeonyesha kwamba inazidisha robo kilo, nami nimeandika kosa hilo ukutani. Nimekwisha kuchomoa nguzo hasi ya betri na kumwaga maji. Jumamosi ninaanza kufungua. Je, kuna jambo ambalo watu hulisahau?

Fundi Mstaafu, Tanga

Liko, mwalimu, na limewahi kupasua bloku mbele ya macho yangu.

Kabla hujagusa bomba la petroli, kumbuka kwamba ndani yake mna shinikizo hata gari likiwa limezimwa tangu jana, kwa hiyo lifunike kwa kitambaa na ulegeze kidogo kidogo, mbali na sigara na jiko. Hilo wengi hulijua. Wasilolijua ni hili: unapoinua hedi, maji na oili humwagika na kujaza matundu ya bolti kwenye bloku. Ukirudisha bolti juu ya kimiminika hicho, hakina pa kwenda; bolti inakisukuma kama pampu, mizani yako inasoma kilo 10 ilhali hedi haijabanwa, na ukilazimisha zile nyuzi 90 chuma cha bloku kinaweza kupasuka. Nyonya kila tundu kwa bomba la sindano lenye mrija, kisha ingiza kitambaa safi kilichozungushiwa kwenye waya, ukitoe na ukirudishe mpaka kitoke kikavu. Oili uliyoambiwa na binti yetu ni ya kupaka kwenye bolti kwa kidole, isimiminwe kwenye tundu.

Siku ya kujaza maji, changanya kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, na maji safi nusu kwa nusu, elekeza pua ya gari mlimani, fungua hita hadi mwisho, na uache mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi huku ukiminya mpira wa juu mpaka mapovu yaishe. Thamostati mpya iwe imerudi mahali pake kabla ya hapo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi, baada ya kukausha matundu, shusha kila bolti kwa vidole bila gasketi na bila hedi. Hesi zikiwa safi, itashuka kwa vidole vitupu hadi zitakapokwisha. Ikikwama njiani, usiiongezee nguvu hata kidogo. Itoe, uliangalie lile tundu kwa tochi, na utuandikie ulichokiona.